Dungusi Juu ya Dungusi: Somo la Kupandikiza Mimea ya Ajabu Bila Kuleta Balaa

 

Mtu wa mbali akisikia Turkana, anafikiria jua, mchanga na ngamia basi. Ukimwambia kwamba kuna vijana Lodwar na Kakuma wanaokuza mimea ya mapambo kwenye mikebe, atakucheka. Lakini iko mimea ambayo jua hili letu ni rafiki yake. Kuikuza ni kazi ya kujifurahisha isiyo na gharama, na ndani yake mna Bayolojia na Kilimo kwa wingi. Shida ni kwamba masomo hayo mawili tunayasoma kwa Kiingereza, kwa hivyo ukirudi nyumbani huwezi kumweleza nyanya ulichofundishwa. Nimejaribu hapa kukieleza kwa lugha yetu. Kwanza tutaona dungusi ni mmea gani. Pili tutajifunza kuipandikiza. Tatu nitatoa onyo, na naomba msiliruke, kwa maana ndilo lililonifanya niandike.

DUNGUSI NI IPI, NA SI IPI?

Dungusi, ama kakati kama wengi wetu tunavyosema, asili yake ni bara la Amerika. Katika jamii yote ya dungusi, ni aina moja tu inayoota kiasili hapa Afrika, nayo haina sura ya jangwani kabisa: huning'inia juu ya miti katika misitu yenye unyevu, kama nywele za kijani. Kwa hivyo ile mimea minene yenye miiba unayoiona milimani kwetu si dungusi. Mingi ni jamaa ya mnyaa, jamii ambayo wataalamu huiita Euphorbia. Hata iko moja iliyopewa jina letu, Euphorbia turkanensis.

Utazitofautisha vipi? Tazama mambo mawili. La kwanza ni maziwa. Mnyaa na jamaa zake wakikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Dungusi nyingi hutoa maji tu. Tahadhari! Maziwa ya mnyaa yakiingia machoni yanaweza kukupofusha, basi usijaribu kwa mchezo. La pili ni miiba. Miiba ya dungusi huota kutoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya, kama vito vya sindano. Jamaa za mnyaa hazina vito hivyo.

Kwani zinafanana kwa nini kama si ndugu? Kwa sababu shida yao ilikuwa moja, ukame. Kila jamii kwa njia yake iliacha majani mapana, ikanenepesha shina ili kuweka maji, ikajikinga kwa miiba. Tena dungusi ina ujanja mwingine. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na maji mengi hupotea hapo. Dungusi huvifunga mchana, ikavifungua usiku kukiwa na baridi kidogo, ikavuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba. Jua likitoka hutumia ile akiba kutengeneza chakula. Hapa Lodwar, ambapo joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, huo ujanja si mchezo.

KUPANDIKIZA NI NINI?

Kupandikiza, ama kubebesha, ni kukata mimea miwili na kuiunganisha iwe mmoja. Mmea wa chini, wenye mizizi, tutauita shina. Kipande cha juu tutakiita kikonyo.

Watu hupandikiza dungusi kwa sababu tatu. Ziko dungusi zinazokua polepole mno, na zikibebwa na shina lenye nguvu hukua haraka. Ziko zilizooza mizizi, na kile kichwa kizima kilichobaki huokolewa kwa kuwekwa juu ya shina jingine. Na ziko zisizoweza kuishi peke yao. Pengine umewahi kuona picha ya dungusi yenye kichwa cha duara, chekundu kama pilipili, juu ya shina la kijani. Kile kichwa hakina klorofili, yaani ule ukijani unaotengenezea mmea chakula. Mjapani Eiji Watanabe ndiye aliyeanza kuzikuza hizo nyekundu mwaka 1941, baada ya kuziona kati ya miche yake. Zikiachwa kwenye udongo hufa zikiwa changa. Juu ya shina la kijani huishi, kwa sababu shina ndilo linalozilisha. Siku hizi Korea Kusini hukuza dungusi hizo kwa wingi na kuziuza nchi za nje. Shina linalotumika sana ni la dungusi ndefu yenye pembe tatu, ile ile inayozaa tunda la pitaya.

Sharti kuu ni ukoo. Dungusi hushika juu ya dungusi, na jamaa ya mnyaa juu ya jamaa ya mnyaa. Ukiweka dungusi juu ya mnyaa, hata ukifunga kwa kamba ya meli, hazitashikana.

VIFAA NA HATUA

Unahitaji wembe mpya, spiriti ya kuusafishia, rababendi mbili zile za kufungia pesa, na mimea miwili yenye afya. Chagua jioni, maana mchana wa kwetu hukausha jeraha kabla hujamaliza kazi. Mwagilia shina siku mbili tatu kabla, ili liwe limejaa maji.

1. Pangusa wembe kwa spiriti, uache ukauke.
2. Kata kichwa cha shina kwa mkato mmoja ulionyooka, bila kukereza kama mtu anayekata mkate.
3. Punguza kingo za pande zote kwa mshazari. Nyama ya dungusi ikikauka hubonyea katikati. Kingo zisipopunguzwa zitakiinua kikonyo na kukitenganisha na shina.
4. Kata kikonyo upande wa chini vivyo hivyo. Kisha toa tena kipande chembamba kwenye shina ili uso wake uwe mbichi.
5. Sasa tazama katikati ya kila jeraha. Utaona duara dogo. Hiyo ndiyo mishipa inayopitisha maji na chakula. Weka kikonyo juu ya shina ili maduara hayo yagusane. Kama moja ni kubwa kuliko jingine, sogeza kikonyo pembeni kidogo mpaka yakutane angalau mahali pawili. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Nyama ikigusana na mishipa isigusane, kikonyo kitanyauka.
6. Kibonyeze taratibu ukikizungusha kidogo ili hewa itoke, kisha pitisha rababendi juu ya kikonyo na chini ya mkebe, mbili zikikingamana kama msalaba. Zikaze kiasi, zisikate nyama.
7. Weka kivulini penye hewa. Usimwagie maji jerahani. Baada ya wiki moja hadi mbili, ondoa rababendi. Kikonyo kikishika hubaki kigumu, halafu huanza kukua. Kikianguka na bado ni kizima, kata upya pande zote mbili ujaribu tena.

Udongo usiwe wa kutuamisha maji. Changanya mchanga wa laga, changarawe na samadi kidogo ya mbuzi iliyokaa muda mrefu. Toboa mkebe chini. Mwagilia, kisha ngoja udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Dungusi nyingi hufa kwa kupendwa kupita kiasi, si kwa kiu. Jambo jingine la kwetu hasa: mkebe wa bati ukikaa juani Lodwar huwa sufuria, na mizizi huiva. Uviringishe kwa gunia, ama uuweke chini ya mwarobaini.

MALI IKO NYUMBANI

Watu wengi huuliza, "Sasa hizo dungusi nitazitoa wapi?" Jibu langu ni kwamba si lazima uanze na dungusi. Tunalo waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum. Huota kiasili hapa Turkana kwenye mawe na changarawe. Shina lake hufura chini kama chupa, na maua yake ya waridi hutoka wakati wa kiangazi, matawi yakiwa hayana jani hata moja. Thailand na Taiwan watu wamezalisha aina zake za rangi nyingi, na huzipandikiza. Shina lililotoka kwa mbegu hukatwa, likabebeshwa kikonyo cha rangi nyingine, mpaka mmea mmoja unatoa maua ya rangi mbili au tatu. Hatua ni zile zile nilizotaja, ila hapa maganda ya shina na kikonyo ndiyo yanayopaswa kukutana, kwa kuwa tabaka hai la kuunganisha liko chini tu ya ganda.

Usiende kung'oa mmea wa porini. Miti mikubwa imekaa pale miaka mingi, na ikikatwa mizizi mara nyingi hufa. Chukua mbegu. Maganda yake hutoka mawili mawili kama pembe, na kila mbegu ina manyoya kila upande ili upepo uibebe. Lifunge ganda kwa kitambaa kabla halijapasuka. Mbegu mbichi huchipuka ndani ya siku chache. Tena mmea wa mbegu ndio unaofura vizuri chini kuliko wa kipande cha tawi. Kumbuka tu kwamba utomvu wake ni sumu. Nawa mikono, na uweke mbali na watoto.

Mshubiri nao, hasa Aloe turkanensis ambao ni wa hapa hapa, usichimbwe ovyo. Uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku na Rais mwaka 1986, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kuutawala.

ONYO: MMEA WA AJABU UKITOKA MKEBENI

Sasa nafika kwenye onyo. Baadhi yetu tumeanza kusema kwamba mpungate, ile dungusi yenye vipande bapa kama sahani, ungefaa kuwa ua wa boma. Ati hauhitaji maji, una miiba, na kipande kikianguka tu kinaota. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu mimi napinga.

Mathenge, ambao kwa Kiturkana ni etirae, pia uliletwa kwa nia njema. Ni mti wa Amerika. Ulipandwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973, kisha katika miaka ya 1980 ukasambazwa maeneo makavu kama Baringo na Turkana ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Mbuzi wakala maganda yake matamu, wakabeba mbegu tumboni, wakazipanda kwa mavi kila walikopita. Leo utembee kando ya Turkwel ama Tarach pale Kakuma uone jinsi ulivyosongamana. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo waliishtaki serikali, wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi wa meno yaliyoharibiwa na maganda hayo. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa kuwa gugu hatari. Mgala muue na haki yake umpe: unatupa kuni, makaa na nguzo. Lakini hakuna anayeweza kuurudisha mkebeni.

Mpungate nao una historia yake. Huko Laikipia, upande wa Doldol, aina iitwayo Opuntia stricta ilipandwa wakati wa ukoloni kama ua na pambo. Ndovu na nyani wakala matunda, wakasambaza mbegu. Vijimiiba vyake, vingine vidogo kama vumbi, huwachoma mifugo midomoni, machoni na matumboni, na malisho mengi yamefunikwa. Ilibidi mwaka 2014 waachilie kule wadudu maalumu wa kochinili wanaoufyonza, na kazi hiyo inaendelea. Sisi riziki yetu ni mbuzi na ngamia. Je, tujilete wenyewe kwa jina la ua, na hali ewoi na esekon wetu wapo?

Kwa hivyo naomba kila anayependa kazi hii ashike kanuni nne:

(a) Jua jina na asili ya mmea kabla hujaupokea.
(b) Mmea wa kigeni ukae mkebeni, usiteremke ardhini.
(c) Usitupe mabaki ya mpungate kwenye laga. Yakaushe kabisa, kisha uyachome.
(d) Anza na mimea ya hapa, kwa mbegu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja njia mbili za kutofautisha dungusi na jamaa ya mnyaa.
2. Eleza kwa nini dungusi nyekundu haiwezi kuishi bila shina la kijani.
3. Kwa nini kingo za shina hupunguzwa kwa mshazari?
4. "Mpungate ndio ua bora kwa boma la Turkana." Jadili. Swali hili tunaweza kulifanya mjadala wa Chama muhula ujao, nami niko tayari kusimama upande wa kupinga.

Kuuliza si ujinga. Mwenye swali, ama mwenye mkebe mtupu, anione. Mbegu za waridi la jangwani zipo. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu