William Hoard, Mkulima Aliyekuwa Gavana

Watoto, fikirini shamba linalopandwa zao moja mwaka kwa mwaka. Mwanzoni linajaza ghala. Baadaye halijazi hata kikapu. Kwa nini? Kwa sababu udongo nao huchoka. Tusome habari za mtu aliyefahamu jambo hilo.

William Hoard alizaliwa mwaka 1836 katika jimbo la New York, Marekani. Katika ujana wake alijifunza kufuga ng'ombe na kutengeneza siagi na jibini. Mwaka 1857 alihamia jimbo la Wisconsin. Huko wakulima wengi walipanda ngano tu. Udongo ukadhoofika, wadudu wakaja, mavuno yakapungua. Hoard mwenyewe alipanda mmea unaotiwa katika bia, akitumaini faida ya upesi. Bei ikaanguka ghafula, akabaki na madeni.

Ndipo alipokumbuka ng'ombe wa ujana wake. Ngano hula nguvu ya udongo, lakini ng'ombe huirudisha kwa samadi yake. Mwaka 1870 alianzisha gazeti, akawashauri wakulima wafuge. Wengi walikataa. Walisema: ngano humwacha mtu apumzike wakati wa baridi, lakini ng'ombe hukamuliwa kila siku, hata Dominika.

Hoard hakukata tamaa. Mwaka 1872 yeye na wenzake waliunda chama cha wafugaji. Mwaka 1874 alikwenda Chicago kuwaomba wakubwa wa reli magari yenye barafu, ili jibini lifike New York bila kuharibika. Mwaka 1885 alianzisha gazeti la pili, la habari za ng'ombe wa maziwa. Aliwafundisha watu kuweka akiba ya majani na kumtunza ng'ombe kwa upole, kama mtu amtunzavyo mama.

Mwaka 1889 mkulima huyo akawa Gavana wa Wisconsin. Aliweka wakaguzi wa maziwa na vyakula, ili wanunuzi wasidanganywe.

Lakini mwaka ule ule alitia sahihi sheria ya kuwa masomo makubwa yafundishwe kwa Kiingereza katika shule zote. Wajerumani wengi, Wakatoliki na Walutheri, walikuwa na shule zao, na watoto wao walisoma kwa lugha ya nyumbani. Wazazi walilia kwamba serikali inaingia mpaka ndani ya nyumba zao. Hoard aliamini kwamba anawasaidia watoto, akashikilia sheria yake. Katika uchaguzi wa mwaka 1890 alishindwa. Mwaka 1891 sheria ile ikafutwa.

Hoard akarudi kwenye gazeti lake na ng'ombe wake. Kufika mwaka 1915, Wisconsin ilikuwa imeyapita majimbo yote ya Marekani kwa siagi na jibini. Alikufa mwaka 1918.

Tazameni, watoto: wakulima aliwaeleza kwa subira miaka mingi, nao wakamfuata. Wazazi aliwapa amri, nao wakamwacha. Mtu ni yule yule, njia ni mbili.

Maulizo
1. Kwa nini ngano ilipungua Wisconsin?
2. Ng'ombe husaidia udongo namna gani?
3. Kwa nini wakulima walikataa kufuga?
4. Kwa nini wazazi Wajerumani walikasirika?
5. Shambani kwenu mnapanda nini kila mwaka? Mnarudisha nini katika udongo?