Kijana wa Dukani

Misisi ni mji wa wachimba dhahabu katika nchi ya Fizi, kando ya njia itokayo Uvira na Baraka kwenda Kalemie. Mashimo yakitoa dhahabu, kila mtu hununua. Yakijaa maji, maduka nayo hunyamaza.

Kijana mmoja aliuza sabuni, chumvi na mchele katika duka moja la huko muda wa miaka mitatu. Mshahara wake ulikuwa haba: akiisha kulipa chumba na chakula, hakubaki na kitu. Siku moja mwenye duka akamwambia, "Mwanangu, wateja wamehamia machimbo mengine. Kesho usije."

Kijana akaenda kwa mjomba wake, aliyekuwa mwalimu. Mjomba akauliza, "Je, umeiba? Umegombana na mtu?"

"Hapana, mjomba."

"Basi rudi kwake kwa adabu. Iko sheria ya kazi ya mwaka 2002. Anayemwondoa mtu asiye na kosa kubwa sharti amjulishe mbele: siku 14 za kazi, tena siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika, au amlipe siku hizo. Umwombe na cheti chenye kuonyesha siku uliyoanza, siku uliyoacha, na kazi uliyoifanya."

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, ila sheria hakuijua. Akakuna kichwa, akahesabu siku 35, akalipa kwa mafungu mawili. Cheti akakiandika papo hapo.

Rafiki zake wakamwita shimoni. "Ndugu yetu, juma moja tu utapata mshahara wa mwezi!" Pengine ni kweli, wako waliopata. Lakini kijana huyu alikuwa ameshika daftari la madeni miaka mitatu, akayajua mambo ya shimo kuliko wengi waliomo. Mchimbaji hula kwa mkopo. Dhahabu ikionekana, kwanza hutolewa gharama ya mafuta ya pompi na ya miti ya kuzuia udongo, kisha fungu la mwenye shimo. Kinachobaki ndicho wagawanacho wachimbaji. Nacho ni kidogo, hata hupimwa kwa vijiti vya kibiriti. Majina mengi katika daftari lile hayakufutwa. Mengine yalifutwa kwa sababu udongo uliwafunika wenyewe.

Basi akafikiri: maji yanapojaa mashimoni, ni nani apataye kazi? Fundi wa pompi! Fundi wa Misisi alikuwa hodari, lakini watu walichukua pompi zao wakisema, "Nitalipa Jumamosi," naye akasahau ni Jumamosi gani.

Kijana akamwonyesha cheti. "Mzee, unifundishe ufundi, nami nitashika daftari lako."

"Mshahara sina, mwanangu. Chakula kipo."

Akakubali. Miezi miwili alitumia kidogo kidogo fedha ya zile siku 35, akafungua pompi mbovu, akakusanya madeni ya zamani. Mwezi wa tatu fundi akaanza kumlipa. Mvua zilipokoma, mshahara wake ulikuwa umepita ule wa dukani, na vidole vyake vilinuka mafuta hata siku ya Dominika.

Maswali. Mtu aliyetumika miaka 5 ajulishwe siku ngapi mbele? Daftari la duka lilimfundisha nini kijana? Ulizeni nyumbani: ni kazi gani hapa petu ambayo watu huihitaji hata wakati wa shida?