Mkwaju wa Mwisho: Kutoa Folda Kwenye Njia ya Faili kwa Lugha ya C

Leo tunaingia kwenye C, lugha aliyoitunga Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Somo ni dogo ukilitazama juujuu: una njia nzima ya faili, unataka sehemu ya folda peke yake. Lakini likikosewa, hesabu za mtu zinapotea, tena kimyakimya.

Tuseme kuna mama anauza maembe Garsen mjini, na ana duka la pili Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Kila duka lina nambari yake ya kupokea malipo. Mwisho wa mwezi anapakua stetimenti mbili, na zote anaziita machi.csv. Hazigongani, kwa sababu kila moja ina folda yake:

/home/mama/Garsen/machi.csv
/home/mama/Kipini/machi.csv

Kijana wake anamwandikia programu ya kusoma stetimenti, kujumlisha mapato, na kuweka jibu kwenye faili liitwalo jumla.csv, kando ya stetimenti ile ile. Sasa, "kando" ni wapi? Programu haiwezi kujua mpaka itoe folda kwenye njia. Isipoitoa, majibu ya Garsen na ya Kipini yanaandikwa mahali pamoja, na fopen ukiipa "w" hufuta kilichokuwemo bila kuuliza. La pili linalimeza la kwanza. Mama anaenda kuomba mkopo kwenye sacco akiwa na mapato ya duka moja, akidhani ni ya mawili, na anapimiwa mkopo wa duka moja.

Na huku kwetu hesabu ya kwenye kompyuta si pambo. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliufanya Tana uvunje kingo, watu wakahama makwao, na barabara ya kwenda Lamu ikafunikwa na maji. Daftari la karatasi likishalowa, basi.

Turudi kwenye kodi. Njia ya faili husomwa kama anwani: kaunti, jimbo, wadi, duka. Kinachotenganisha ni mkwaju, ile alama ya / mliyofunzwa shuleni kwenye uakifishaji. Kilicho kabla ya mkwaju wa mwisho ni folda. Kinachofuata ni jina la faili. Wa mwisho, si wa kwanza! Ndiyo maana tunatumia strrchr, yenye r ya ziada katikati. Ukitumia strchr utapata mkwaju wa kwanza, ambao kwenye mfano wetu uko mwanzoni kabisa, na utabaki mikono mitupu.

Wengine watasema: si kuna dirname tayari, ndani ya libgen.h? Ipo, na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kanuni za POSIX zinairuhusu kubadilisha maandishi unayoipa. Yaani unaipa njia ya stetimenti ili ikutolee folda, halafu ukitaka kufungua stetimenti yenyewe unakuta njia imekatwa, jina la faili halipo. Ukiipa maandishi yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye kodi, programu inaweza kuanguka papo hapo. Tena jibu lake linaweza kufutwa ukiiita mara ya pili, kwa hiyo ukitoa folda ya Garsen kisha ya Kipini, usishangae kupata Kipini mara mbili. Ukiitumia, ipe nakala, na jibu lake pia linakili. Sisi tunaona ni rahisi zaidi kuandika yako:

```
#include <string.h>

int toa_folda(const char *njia, char *folda, size_t ukubwa)
{
    const char *mkwaju = strrchr(njia, '/');
    size_t urefu;

    if (mkwaju == NULL) {
        njia = ".";
        urefu = 1;
    } else if (mkwaju == njia) {
        urefu = 1;
    } else {
        urefu = (size_t)(mkwaju - njia);
    }

    if (urefu >= ukubwa)
        return -1;
    memcpy(folda, njia, urefu);
    folda[urefu] = '\0';
    return 0;
}
```

Neno const linalinda njia isiguswe. Kama hakuna mkwaju, faili liko kwenye folda uliyomo, na nukta moja ndiyo jina la folda hiyo. Kama mkwaju wa mwisho ndio herufi ya kwanza, folda ni mzizi wenyewe, kwa hiyo tunaubakisha. Na kama nafasi haitoshi, tunarudisha -1; usiipuuze, simamisha kazi. Folda iliyokatwa katikati ni folda ya mtu mwingine.

Saiba nyingi zinatumia Windows, na huko mkwaju umelala upande wa pili. MS-DOS ilipopata folda mwaka 1983, alama ya / ilikuwa tayari ina kazi nyingine kwenye amri zake, wakachukua \. Kwenye C alama hiyo ina mtego: ukiandika "C:\tana", kompaila inaona \t na kuweka nafasi ya tabo badala ya herufi t. Andika "C:\\tana". Halafu tafuta mikwaju ya aina zote mbili, uchukue iliyo mbele zaidi, maana Windows hukubali zote.

Kuna utata mmoja tunaupenda kwa sababu unafanana na kwetu. Garsen ni mji, na Garsen pia ni jimbo la uchaguzi ambalo Kipini iko ndani yake. Mtu akitaja Garsen tu, hujui anamaanisha ipi. Vivyo hivyo /home/mama/Garsen: kodi yetu itadhani Garsen ni faili, ikupe /home/mama. Ukiongeza mkwaju mwishoni inakupa /home/mama/Garsen, ilhali dirname bado itakupa /home/mama. Kwa kazi ya stetimenti tunapendelea jibu la kodi yetu, kwani aliyeweka mkwaju mwishoni kwa kawaida anataja folda.

Kabla hujampelekea mteja, jaribu hizi:

/home/mama/Garsen/machi.csv inatoa /home/mama/Garsen
machi.csv inatoa .
/machi.csv inatoa /
/home/mama/Garsen/ inatoa /home/mama/Garsen

Kisha endesha programu nzima kwa stetimenti zote mbili za Machi, fungua kila jumla.csv, na ulinganishe na kiasi kilichoandikwa kwenye stetimenti ya duka lenyewe.