Chakula Kikiachwa Anga za Juu: Somo la Maharage, Chai na Ndagala



Ramadhani iliyopita tulikuwa tumekaa Buyenzi tukingoja adhana ya magharibi, na sufuria ya maharage bado iko kwenye mbabula. Ndugu yetu mmoja aliyekulia milima ya Mugamba akasema, "Kwetu haya yangeiva baada ya Isha." Mwingine akadakia: basi yakipelekwa juu kabisa, kwenye anga za juu, hayataiva milele, yatalipuka, au yataganda yawe jiwe papo hapo. Tulicheka, lakini ubishi uliendelea hata baada ya tarawehe.

Makala hii inajibu ubishi huo. Jibu kwa ufupi ni hili: anga za juu hazilipui chakula, wala hazikigandishi chote kwa kufumba na kufumbua. Zinakinyang'anya maji. Ukilishika hilo, utaweza kubashiri mwenyewe kitakachotokea kwa karibu kila kilichomo jikoni kwenu.

1. Hewa ni kifuniko

Hewa ina uzito. Hapa Bujumbura, kila sentimita moja ya mraba ya meza yako inabeba hewa yenye uzito wa karibu kilo moja. Uzito huo unayakandamiza maji ndani ya sufuria, na ndio unaoyazuia yasigeuke mvuke mapema. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mkandamizo wa hewa iliyo juu yake.

Kadiri unavyopanda, hewa inapungua na kifuniko kinakuwa chepesi. Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, tuko mita 770 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kilele cha Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, kina urefu wa karibu mita 2,670. Pale ni nyuzi 91. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu nyuzi 80 tu.

Kwa hiyo ndugu yetu wa Mugamba alisema kweli. Maharage hayaiviwi na mapovu. Yanaiviwa na joto. Milimani maji yanachemka kwa kelele ileile, lakini hayana joto lilelile.

2. Kikombe cha chai

Endelea kupanda. Kwenye kimo cha kilomita 19 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 37, yaani joto la mwili wa binadamu. Mwaka 1966, huko Houston, Marekani, Jim LeBlanc alikuwa akijaribu vazi la wanaanga ndani ya chumba kilichonyonywa hewa. Mpira wa kumpelekea hewa ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde kama 14, wenzake wakamwahi, akapona. Alisimulia kwamba jambo la mwisho alilolikumbuka ni mate yakimchemka juu ya ulimi. Hayakumuunguza. Yalichemka kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeondolewa.

Sasa chukua chai iliyokwisha kupoa, uitoe nje ya chombo cha angani. Itachemka kwa fujo. Lakini kila tone linalogeuka mvuke linahitaji joto, na hakuna jiko. Linalichukua joto hilo kwenye chai inayobaki. Chai inapoa kwa kuchemka kwake yenyewe, mpaka inaanza kuganda huku bado inachemka. Sehemu kama moja katika saba inaondoka kuwa mvuke. Inayobaki inakuwa barafu. Barafu nayo haikai: polepole inageuka mvuke bila kuwa majimaji kwanza. Mwishowe inabaki sukari na vumbi la majani ya chai.

3. Andazi, embe, mawese na chumvi

Andazi lina maji kidogo na vijishimo vingi vya hewa. Hewa inatoka, unyevu unatoka, linabaki kavu na gumu, la kuvunjika vipande. Embe lililomenywa lina maji mengi; linatoa povu, linapoa, linaganda, kisha linakauka kwa muda mrefu na kubaki jepesi kama sifongo. Mawese ya Rumonge hayana maji ya kupoteza, na mafuta hayageuki mvuke kwa urahisi, hayatachemka. Chumvi haitajali kabisa.

Kanuni ni moja: chenye maji mengi ndicho kinachoteseka zaidi.

4. Je, baridi haikigandishi?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasikia anga za juu ni baridi kali, tunadhani chakula kinagandishwa kama kwenye friji. Itazame temosi ya chai ya nyumbani. Kati ya kuta zake mbili kumenyonywa hewa ili joto lisipate njia ya kutoroka. Kinachohifadhi chai yako ni ombwe!

Huko juu ni hivyohivyo. Hakuna hewa ya kubeba joto, kwa hiyo kitu kikavu kinapoa polepole, kwa miali tu. Kikiwa juani karibu na dunia, kinaweza hata kufikia nyuzi 120. Chai iliganda kwa sababu maji yake yaliondoka na joto, si kwa sababu ya baridi ya nje.

5. Ndagala walitangulia

Nenda ufukweni utazame ndagala walioanikwa. Jua na upepo vinawatoa maji, nao wanakaa muda mrefu bila kuoza, maana vijidudu vya kuozesha vinahitaji maji. Viwanda navyo hukigandisha chakula, hukitia kwenye chumba cha ombwe, hukipasha moto kidogo, na barafu inaondoka kuwa mvuke. Baadhi ya kahawa za unga za kuyeyuka hutengenezwa hivyo.

Wanaanga hubeba vyakula vingi vilivyokaushwa namna hiyo, na huviongezea maji wakati wa kula. Oktoba 2007, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alisherehekea Idd-ul-Fitr kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, akala na wenzake vyakula vya kwao. Ndani ya kituo hicho mkandamizo wa hewa ni kama wa pwani, yaani mkubwa kuliko wa Bujumbura!

Na kilicho kikavu tangu mwanzo? Mbegu za tumbaku na za mmea mmoja mdogo wa jamii ya haradali ziliwekwa nje ya kituo hicho kwa siku 558. Ziliporudishwa na kupandwa, karibu robo yake ziliota. Mbegu kavu ilikuwa na maji machache ya kunyang'anywa.

6. Faida kwetu

Maji yakishachemka, kuongeza mkaa hakuyaongezi joto, kunayamaliza tu. Loweka maharage tangu jana yake, yakichemka punguza moto, funika. Wa milimani, sufuria ya presha inarudisha kile kifuniko cha hewa ambacho mlima umekiondoa. Mkaa unaookoa ni fedha ya mama aliyeununua.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Vuta maji kidogo ya moto ambayo kidole kinayavumilia kwa shida, toa hewa yote, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha vuta kwa nguvu. Maji yatachemka mkononi mwako.

Maswali ya kujipima

1. Maharage makavu ya gunia na maharage yaliyopikwa yakiwekwa kwenye ombwe, yapi yatabadilika zaidi? Kwa nini?
2. Ukuta wa temosi ukipasuka na hewa ikaingia, chai itapoa haraka au polepole?
3. Mtu wa Heha anasema, "Nimeongeza mkaa mara mbili na maharage hayaivi." Utamshauri nini?

Jadilianeni. Na mkiwa mnangoja magharibi, msisahau kuangalia sufuria.