Kwa Nini Nywele za Dawa Hukatika

Kitana kikijaa nywele, wako watu hapa Buyenzi husingizia kijicho. La! Jambo hili ni la darasa la kemia.

Unywele ni protini iitwayo keratini, na nyuzi zake hushikwa na viungo vya salfa. Dawa nyingi za kulainisha zina soda kali, ile ile ya kupikia sabuni, nayo huvunja viungo hivyo ndipo nywele zinyooke. Zilizokwisha kutiwa zikitiwa tena, husalia nini cha kuzishika? Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Basi yafaa kungoja wiki 8 au zaidi, kupaka machipukizi tu, kisha kuosha kwa shampuu ya kuzimua soda hiyo. (Dada yangu asema arusi haingoji wiki 8. Namjibu kwamba ngozi ya kichwa ikiungua na kufanya kovu, hapo haoti unywele tena.)

Kitana cha moto nacho kina hila yake. Kikipita juu ya nywele mbichi, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuzipasua kwa ndani. Kwanza zikauke kabisa.