Dondoo Muhimu: Santuri za Bendi za Uingereza Zilizosahauliwa

Atakaye kukusanya santuri za bendi za vijana wa Uingereza za baina ya 1963 na 1966, na hasa za wale waliofunikwa na kivuli cha The Beatles, kama vile The Big Three na The Mojos wa Liverpool waliorekodi kwa Decca, au The Paramounts wa Gary Brooker, aliyeasisi baadaye Procol Harum, asiridhike na uzuri wa lebo, bali aiinamishe santuri chini ya taa na kuitazama kwa mshazari, kwani mkwaruzo unaokatiza mifuo aghalabu husikika, ilhali vumbi huondoka kwa kitambaa laini.

Kisha asome maandishi madogo yaliyogongwa katika ukingo mtupu unaoizunguka lebo. Katika santuri za EMI, Parlophone ikiwa miongoni mwake, ukiiweka namba ya santuri upande wa chini, utaona kulia herufi zitokazo katika neno GRAMOPHLTD, ambamo G ni 1, R ni 2, A ni 3, na kuendelea hata D, iliyo sifuri. Basi G ikiwa peke yake yadhihirisha kuwa santuri iligandamizwa kwa muhuri wa kwanza, na hiyo kwangu ni tunu.

Tazama pia kitovu cha santuri ndogo: kikiwa kimeng'olewa, thamani hupungua, nawe una haki ya kuomba upunguziwe bei.

Nyumbani, zisimamishe santuri zako wima mbali na jua. Tafadhali usizilaze moja juu ya nyingine.