Cheo cha Jeshi na Ubingwa wa Tiba

Swali: Je, daktari wa jeshi mwenye cheo cha Meja tayari ni bingwa?
Msomaji, Msimbati, Mtwara

Jibu: Hapana. Cheo hutolewa na jeshi. Ubingwa hupatikana kwa masomo na mitihani.

Daktari wa Tanzania, avae gwanda au asivae, husoma shahada ya miaka mitano, kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja. Anayetaka ubingwa huongeza shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka mitatu au zaidi, katika vyuo kama MUHAS, Muhimbili. Wapasuaji wana njia nyingine pia: COSECSA, chuo cha kikanda kilichoanzishwa 1999, ambacho wanafunzi wake hufundishwa hospitalini.

Anayesajili madaktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya 2017.

Nchini Marekani, jeshi huwaongezea malipo madaktari waliothibitishwa na bodi za ubingwa. Utaratibu huo unafaa kuigwa, kwani hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, hutibu raia pia.

Kwa hiyo, iwe Lugalo au, kwenu Mtwara, hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, mgonjwa aulize bila woga: “Daktari, wewe ni bingwa wa nini, na umesajiliwa?” Ni haki yake.